Kitabu cha Nyumba: Sindano, Uzi na Majina ya Wazee Wetu

Katika nyumba nyingi za Ujiji kuna sanduku. Hukaa mvunguni mwa kitanda au juu ya kabati, na ndani yake mna nguo ya arusi ya bibi, kofia ya viua ya babu aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, vyeti viwili vitatu, barua zilizokunjwa hata zikakatika mikunjoni, na picha. Kila aliyemo nyumbani ajua kwamba sanduku lipo. Wachache wajua mna nini ndani yake. Na mara nyingi yuko mmoja tu, naye ni mzee, ajuaye ni nani hao wanaotutazama katika picha zile.

Mwezi huu twapenda kusema na akina mama na mabinti, na akina baba pia wasijione wametengwa, juu ya kazi moja ya mkono ifaayo kufanywa nyumbani saa za jioni: kutengeneza kurasa za kumbukumbu kwa sindano na uzi, kuzipamba kwa vipande vya nguo, ushanga na almaria, kisha kuzijalidi ziwe kitabu cha nyumba. Kazi hii haitaki mtaji mkubwa wala mashine. Yataka subira, mkono safi, na jambo moja ambalo ndilo kiini cha maneno yetu yote: yataka jina. Ukurasa uliopambwa kwa kila pambo bila ya jina la mtu ni pambo tu. Lakini ukurasa wa kitambaa kikuukuu, wenye jina, mahali na mwaka, ni mali ya watoto ambao bado hawajazaliwa.

SANDUKU LA BIBI

Tulikaribishwa katika nyumba moja ya Ujiji na binti wa nyumba hiyo, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alitaka shauri juu ya kuhifadhi picha za bibi yake. Tukaingia, tukamwamkia bibi, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, wanangu. Karibuni. Mmekuja kunitazama mimi au sanduku langu?" Tukacheka, tukakaa mkekani, na sanduku likaletwa.

Tulizihesabu picha: zilikuwa 34. Tisa zilikuwa zimegandana, kwa kuwa mwaka mmoja bati lilivuja na maji ya mvua yakaingia. Nyingine zilikuwa zimebandikwa zamani na mmoja wa jamaa katika daftari la karatasi za kaki, kwa gundi ya unga wa ngano aliyoipika jikoni. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Lakini gundi ya unga ni chakula, na wadudu hawaoni haya: waliila gundi, na walipokwisha kuila gundi walikula na picha, wakabakiza mabega na kanzu na kuziondoa nyuso. Tulizigeuza picha zote, moja baada ya moja. Mbili tu ndizo zilizokuwa na maandishi nyuma.

Mjomba wa binti, ambaye ni mtoto wa bibi, alikuwapo. Alikuwa na shaka, akasema kwa adabu, "Mama, mimi sipendi picha za watu zitundikwe ukutani." Bibi akajibu, "Wala mimi sitaki zitundikwe, mwanangu. Nataka zijulikane." Mjomba akanyamaza, kisha akaenda akaleta penseli.

Sisi hatumo katika kutoa hukumu ya picha. Wanazuoni wamehitilafiana, na kila nyumba ina mwalimu wake. Twasema tu kwamba kitabu cha nyumba hakilazimu kuwa cha picha. Nyumba isiyotaka picha yaweza kuwa na ukurasa wa mwandiko wa babu, kipande cha kanga ya mama chenye jina lake la kanga, tiketi ya gari moshi, ukili wa mkeka alioususa shangazi, na chini yake maneno manne matano ya kueleza. Ukurasa wa namna hiyo hauna upungufu wowote.

Basi bibi akaanza. "Huyu ni kaka yangu mkubwa, alifanya kazi bandarini Kigoma. Huyu ni shangazi yenu wa Kalemie. Siku hizo mji ule ukiitwa Albertville. Huyu mtoto mwenye kofia ndiye baba yenu, msimcheke." Binti akawa anaandika. Ilipokaribia magharibi bibi alikuwa amekwisha kuzitaja picha 23. Akafunga kifuniko cha sanduku kwa mkono wake, akasema, "Zilizobaki siku nyingine, mjukuu wangu. Macho yamechoka." Tukaagana kwamba tutarudi.

KAZI HII SI NGENI KWETU

Huenda msomaji akadhani kwamba kutunga kitabu cha vipande ni mchezo wa Wazungu. Kweli kwao kazi hii ni ya zamani. Hata mwandishi mashuhuri wa Marekani, Mark Twain, alichoshwa na uchafu wa gundi, na mwaka 1873 akaandikisha haki ya kitabu chake mwenyewe ambacho kurasa zake zilikuwa zimekwisha kupakwa gundi, ikabaki kuzilowesha tu. Lakini vitu ambavyo kazi hii yavitaka, yaani nguo, ushanga, uzi na maandishi, vimo katika historia ya Ujiji kwa muda mrefu.

Tukianza na nguo: wakati Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, misafara ya kutoka pwani ilikuwa imekwisha kuizoea njia hiyo, na mizigo yake mikubwa ilikuwa nguo na ushanga. Nguo iliyojulikana kuliko zote ni ile ya pamba isiyotiwa rangi, iliyofumwa Marekani na kuletwa Unguja kwa majahazi ya bandari ya Salem, na kwa sababu hiyo ikaitwa merikani, nasi hata leo twaiita hivyo. Ushanga nao haukuwa pambo tu. Katika soko la Ujiji la karne ya 19 ushanga uitwao sofi, ulio kama vipande vidogo vya kiko kilichovunjika, ndio uliokuwa sarafu: kwao watu walinunua samaki, chumvi na mafuta ya mawese. Binti ashonaye ushanga katika pindo la ukurasa wake ashona kitu ambacho wazee wa mji huu walihesabu kwacho mali zao.

Ama kupamba vitabu, twajua habari za Siyu, katika kisiwa cha Pate huko Kenya, ambako katika karne ya 18 na ya 19 waandishi walinakili misahafu kwa mkono, wakaipamba kwa wino mwekundu, mweusi na wa manjano, na mafundi wakaijalidi kwa ngozi. Na juu ya kuandika mambo yasipotee, Mwislamu hahitaji kwenda mbali: aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile ya Sura ya Baqara ihusuyo kuandika deni. Ikiwa fedha yaandikwa ili watu wasihitilafiane, majina ya waliotuzaa yastahili zaidi.

Tena Ujiji ina somo jingine, nalo ni la karatasi mbaya na wino dhaifu. Mwaka 1871 David Livingstone, alipokuwa Manyema ng'ambo ya ziwa, aliishiwa karatasi na wino. Akachukua gazeti kuukuu lililokwisha kupigwa chapa, akaandika juu ya maandishi yake kwa wino uliotengenezwa kwa rangi ya mmea. Kisha, mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, akarudi Ujiji, na siku chache baadaye Stanley akamkuta hapa. Karatasi zile zikapelekwa kwao. Wino ukafifia, karatasi ikageuka rangi, maandishi ya mkono yakachanganyika na ya mtambo, hata kwa muda wa zaidi ya miaka 100 hapakuwa na mtu wa kuyasoma yote. Mpaka mwaka 2011 ndipo wataalamu walipoyatoa, baada ya kuzipiga picha karatasi hizo kwa mianga ya namna nyingi. Yule alikuwa mtu mashuhuri, na watu walikubali kuhangaika kwa ajili yake. Barua ya bibi yako haitapata wataalamu. Ikififia, imekwisha.

VIFAA

Tuje sasa katika kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni ukurasa. Karatasi ya gazeti na karatasi ya kaki hazifai, kwa sababu zimetengenezwa kwa miti na zina asidi ndani yake. Nayo huzila picha taratibu, ikazigeuza manjano, na karatasi yenyewe ikawa kavu na ya kuvunjika. Tafuta karatasi nene nyeupe ya kuchorea, na ukipata iliyoandikwa kwamba haina asidi, hiyo ndiyo bora. Kiasi kizuri ni sentimita 30 kwa 24, na upande mmoja uache sentimita 3 za kujalidia.

Karatasi peke yake haistahimili sindano kwa muda mrefu. Kwa hiyo ukate kitambaa cha merikani au bafta cha kiasi kile kile, ukiweke nyuma ya karatasi, na mshono upite katika vyote viwili. Lakini kitambaa kipya kifuliwe kwanza kwa maji ya moto, kikauke, kipigwe pasi, maana hutoka kiwandani na wanga ndani yake, na wanga huo ni karamu ya wadudu kama ile gundi tuliyoisema.

Uzi na uwe wa pamba. Wa kujalidia uwe mnene na wenye nguvu. Wa kuwekea picha na mapambo uwe mwembamba. Upake nta ya nyuki kwa kuuvuta juu ya bonge la nta mara mbili tatu. Hautajisokota wala kukatika upesi. Sindano ziwe mbili, nyembamba na nene. Uwe na subana ya kukinga kidole, mkasi, rula, penseli laini, na msharasi kama wa mshona viatu. Usipokuwa na msharasi, sindano nene iliyochomekwa katika kizibo itafanya kazi ile ile.

NAMNA YA KUSHONA

Kwanza usishone. Panga kila kitu juu ya ukurasa bila ya kukishikiza: picha, kipande cha nguo, utepe, mahali pa maandishi. Kiache mpaka kesho yake, ukitazame tena kwa jicho lililopumzika. Wengi hupunguza, wachache huongeza. Binti tuliyemtaja alikuwa amepanga picha 5 katika ukurasa mmoja; bibi alipoona akasema, "Hawa hawakuwa wakielewana, watengeni." Zikabaki 2, na ukurasa ukawa mzuri zaidi.

Baada ya kupanga, tia alama ndogo kwa penseli, kisha uweke ukurasa juu ya blanketi lililokunjwa, utoboe matundu kwa msharasi kabla ya kutia uzi. Kati ya tundu na tundu uache nusu sentimita. Matundu yakikaribiana sana ukurasa utakatika katika mstari huo kama stempu ya posta ikatikavyo, na kazi ya siku nzima itakuwa imepotea. Kwa pindo la pembeni mshono wa bandi watosha. Palipo na uzito, kama mahali pa mfuko wa barua, rudisha sindano nyuma kila hatua ili mshono ukaze.

Picha haitobolewi hata siku moja. Huu ndio uzuri wa sindano kuliko gundi, ikiwa itatumiwa kwa akili. Kata vipande vinne vidogo vya kitambaa vya pembe tatu, pinda ncha zake, uvishone katika ukurasa mahali pa pembe nne za picha, kisha uingize pembe za picha chini yake. Picha itakaa imara, na siku ikitakiwa kutolewa kwa kunakiliwa, au kwa kusomwa nyuma yake, itatoka bila ya jeraha. Barua na vyeti ushone mfuko wa kitambaa uviingize humo. Ama cheti cha asili, kiwe cha kuzaliwa, cha ndoa au cha shamba, kisiingie kabisa katika kitabu. Tia nakala, na asili yake ikae mahali pake pa salama. Kadhalika karatasi yenye aya au jina la Mwenyezi Mungu isipitishwe sindano wala isiwekwe mahali itakapokanyagwa au kukaliwa.

Sasa twaja katika jina. Chini ya kila kitu kilichoshonwa andika, kwa penseli au kwa wino usiofifia, mambo haya: nani, mtoto wa nani, wapi, mwaka gani, na nani aliyetoa habari. Mwaka usipojulikana, andika kama bibi alivyosema: mwaka wa arusi ya fulani, au kabla ya Uhuru wa 1961. Usiandike kwa kalamu ngumu nyuma ya picha, maana alama yake hujitokeza usoni. Tumia penseli laini, na usikandamize. Wapo wanaopenda kulidarizi jina la mzee kwa uzi wa rangi, na ni jambo zuri mno; lakini lidariziwe pamoja na kuandikwa, si badala ya kuandikwa, kwa kuwa uzi hauwezi kueleza habari yote.

MAPAMBO

Katika mapambo ndipo mkono wa kila nyumba unapojulikana. Pindo la kanga ya bibi laweza kuzunguka ukurasa wake. Kitenge kilicholetwa na mashua kutoka ng'ambo ya Kongo chaweza kuwa mfuko wa barua za jamaa wa huko. Kipande cha kofia iliyochakaa, chenye viua vyake, chaweza kukaa juu ya jina la babu. Ajuaye kudarizi mashuka na foronya ana kila ujuzi unaotakiwa hapa. Lasi, puleki, vifungo na uzi wa zari, vyote hukubalika.

Lakini pambo lina adabu zake. Kanga mpya ijaribiwe kwanza: ilowanishe, uikandamize kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikitoka na rangi, ifue tena na tena mpaka iache, la sivyo siku moja ya unyevu itaipaka picha rangi nyekundu. Vifungo na pini za chuma visitiwe, kwa maana hewa ya ziwani huvitia kutu. Ushanga na puleki zisikae katikati ya ukurasa, bali pembeni, ili kitabu kifungwapo visikwaruze picha ya ukurasa ukabilio. Na kati ya kurasa mbili uweke karatasi nyepesi laini. Tena pambo lisiwe kubwa kuliko mtu. Tulipata kuona ukurasa wenye puleki hata macho yakaumia, na mwenye picha hakuandikwa hata jina lake la kwanza.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo watu wa Ujiji walijua lakini hulitaja kwa sauti ya chini. Mji huu ulikuwa kituo cha misafara, na misafara ile haikubeba pembe na nguo peke yake. Ilibeba na watu waliouzwa. Zipo nyumba ambazo nyanya wao wa mbali aliletwa kutoka ng'ambo ya ziwa akiwa mtoto, na jina alilopewa na mama yake halikufika Ujiji. Mtu wa namna hiyo hana picha, hana barua, wala hana kipande cha nguo. Je, aachwe nje ya kitabu? Sisi twaona asiachwe. Apewe ukurasa wake kamili, na juu yake iandikwe yale yanayojulikana, hata yakiwa mstari mmoja: kwamba alikuja, kwamba aliolewa, kwamba alizaa, na kwamba sisi ni watoto wake. Nyumba moja iliyofanya hivyo ilishona uzi mmoja wa ushanga mweusi na mweupe kuzunguka ukurasa mtupu. Hatukuona katika kitabu kile ukurasa uliotazamwa muda mrefu kuliko huo.

KUJALIDI NA KUTUNZA

Kurasa zenye mapambo ni nene katikati na nyembamba upande wa mshono, na zikifungwa hivyo kitabu hutanuka kama mdomo wa chaza. Dawa yake ni rahisi: kata vipande vya kadibodi vyenye upana wa zile sentimita 3, uweke kimoja kati ya kila ukurasa na ukurasa, ndipo unene utalingana. Majalada mawili yawe ya kadibodi ngumu iliyovishwa kitambaa. Toboa matundu matatu katika vyote kwa pamoja. Ingiza uzi mnene katika tundu la kati kutoka nyuma, uupeleke tundu la juu, urudi katikati, uende tundu la chini, urudi tena, na ufunge fundo nyuma. Wavuvi wetu wa dagaa wajua kufunga fundo lisilofunguka. Mwombe mmoja akuonyeshe. Usishone kurasa zaidi ya 20 katika kitabu kimoja. Afadhali vitabu viwili vyepesi kuliko kimoja kizito kijikatacho uzi.

Kitabu kikiisha, kizungushie kitambaa cha pamba kilichofuliwa, si mfuko wa plastiki uliofungwa, maana ndani ya plastiki unyevu hukaa na ukungu huzaliwa. Kiwekwe juu, mbali na sakafu na mbali na ukuta wa nje. Watu wa mwambao hawahitaji kuelezwa sababu: mwaka 2020 na 2021 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda hata yakaingia katika majumba ya watu, Burundi na Kongo na huku kwetu, na walio na kitu cha thamani chini ya kitanda walikitoa kikichuruzika maji. Wakati wa kiangazi kitabu kifunguliwe kila mwezi kipate hewa, kivulini, si juani. Na simu ya mkononi ina kazi yake pia: kila ukurasa upigwe picha, ipelekwe kwa jamaa wa Bujumbura, wa Kalemie, wa Dar es Salaam, hata wa Maskati, wapate kusema, "Hapana, huyo si Ami, huyo ni ndugu yake." Simu hupotea na kuharibika, lakini masahihisho yaliyokuja kwa simu huandikwa kitabuni yakabaki.

PICHA 11

Tuliahidi kurudi kwa bibi. Wiki moja ilipita katika shughuli, kisha ya pili; sisi tulikuwa na yetu, na binti alikuwa na mitihani ya wanafunzi wake. Ndipo tulipopata habari kwamba bibi ameugua, na kabla ya mwezi kuandama alikuwa amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Tulikwenda kuwapa mkono wa tanzia. Baada ya siku za msiba kwisha, binti alitoa kitabu alichokuwa amekianza. Picha 23 zilikuwa mahali pake, kila moja katika pembe zake nne za bafta, na chini yake jina, na chini ya jina maneno haya: habari hii imetolewa na bibi. Pindo za kurasa zilikuwa za kanga yake. Kisha tukafunua kurasa za mwisho. Picha 11 zilizobaki alizishona vile vile kwa uangalifu ule ule, na chini ya kila moja alishona mstari mmoja wa bandi kwa uzi mweupe, mahali pa jina, na juu ya mstari hapakuwa na kitu.

Mjomba wake, yule aliyekuwa na shaka, ndiye aliyekichukua kitabu kile akakizungusha kwa wazee wa mtaa, nyumba kwa nyumba, kisha akavuka nacho mpaka Kalemie kwa jamaa. Alirudi na majina manne. Saba hayajapatikana.

Basi, msomaji wetu, usingoje kupata karatasi nzuri, wala puleki, wala uzi wa zari. Hayo yatapatikana mwezi ujao na mwaka ujao. Leo jioni, baada ya kula, mwombe mzee wa nyumba yako sanduku lake, ukae naye mkekani na penseli, na umwulize juu ya picha moja tu: "Huyu ni nani?" Kushona kutafuata. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atupe wepesi wa kuyahifadhi majina yao.